Sauti ya Matobolwa Makavu

Nilianza kazi mwaka ule watu wa Tabora walipokula ugali wa njano. Wenye umri wangu wanaujua. Mahindi yetu yalikufa shambani, ukaja unga kutoka ng'ambo, rangi yake kama kiini cha yai na harufu yake kama gunia lililolaliwa na paka. Watoto waliulilia, wakubwa waliumeza wamefumba macho. Kalenda sikuwa nayo. Mwaka kwangu ni kile kilichokuwa sufuriani. Na mwaka ule, mwenye matobolwa ndani alikuwa tajiri wa mtaa, nikatamani kujua yanatengenezwaje.

Naandika haya kwa ajili yenu wasichana mnaoanika na mjukuu wangu Nuru pale uani kwangu, mtaa wa Chemchem. Magoti yangu yamestaafu na mimi nimeyafuata. Nuru ameniambia, "Bibi, andika kazi yako yote, niiweke kwenye blogu." Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne nililimaliza kwa kuchungulia daftari la jirani. Mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni mnapopita, mimi nimeshapita.

Nuru anasema pia kwamba blogu inafika kwa watu ambao hawajawahi kuliona tobolwa, kwa hiyo nieleze. Haya. Kiazi kitamu unakichemsha na ganda lake. Unakimenya kingali cha moto, unakikata vipande, unakianika juani mpaka kiwe kigumu kama kokoto. Hilo ndilo tobolwa. Ukikikata kibichi ukakianika bila kukichemsha, hiyo ni michembe, ni biashara ya wengine na siwasemi. Tobolwa utalitafuna na chai, au utalipika na karanga za kutwanga, na linakaa mwaka mzima bila kumsumbua mtu. Wazee walituambia wapagazi wa misafara ya zamani walilibeba kutoka hapa mpaka pwani. Naamini. Tobolwa moja zuri ukilitia mdomoni Chemchem, ukifika stesheni bado unalo.

Aliyenifundisha ni Bibi Nyamizi, Mnyamwezi wa Ipole. Alikuja mjini kukaa kwa mwanawe, akaona mjini hakuna kazi ya kumchosha mtu, akaanza kuanika viazi. Siku ya kwanza nilikwenda kwake nimevaa kanga mpya, maana nilidhani kazi inaanza kwa mazungumzo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hiyo kanga umekuja kuianika?"

Akanikalisha mbele ya sufuria la viazi vinavyofuka moshi, akaniambia nimenye. Nikasema visubiri vipoe. Akasema kiazi kikipoa, ganda linaondoka na nyama yake, na nyama ndiyo tunayouza. Nikamenya. Vidole vikawaka moto, nikavitia mdomoni.

"Toa," akasema. "Usile mtaji."

Kwa hiyo nyinyi mnaolalamika vidole, mimi nimewatangulia kulalamika na hakukusaidia kitu. Wekeni bakuli la maji baridi pembeni, chovyeni vidole, endeleeni. Kisu kiwe kifupi, mgongo mnene, kisichopinda. Vipande viwe unene mmoja, maana jua halina subira ya kumngojea mnene wakati mwembamba ameshaungua. Na jioni, kabla umande haujaanguka, kila kitu ndani. Anayesema "umande kidogo si neno" mpeni kazi ya kufagia.

Mimi nilikuwa mjanja wa mjini. Kwa Bibi Nyamizi walianika juu ya uchanja wa miti, na waliokaa karibu na majabali walianika juu ya jabali. Nikaona hawa watu wanachelewa. Nikapanda kuanika juu ya bati la nyumba. Bati lile lilikuwa linachoma kuliko jiko! Siku chache tu, matobolwa yakawa na rangi ya kupendeza, magumu kwa mkono, nikayateremsha na maringo yote. Bibi Nyamizi hakuyaangalia. Alinigeuza, nikampa mgongo, akayamimina kwenye ungo na kuutikisa.

"Yamekauka?"

"Bibi, sijayaona."

"Nani kakwambia uone? Nimekuuliza, yamekauka?"

Nikasikiliza. Mnajua sauti ya tobolwa kavu ndani ya ungo: ka-ka-ka-ka, kama kokoto zinazokimbizana. Yangu yalikuwa yanasema pu, pu, pu, kama kandambili kwenye tope. Bati lilikuwa limeoka ngozi ya nje na kuufungia unyevu ndani. Jicho lilisema tayari, sikio lilisema bado. Nikayarudisha uchanjani, na bati nikaliachia kazi yake ya mvua.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini pale sokoni watu wa matobolwa tuna adabu yetu. Mnunuzi akija, hatuanzi na bei. Muuzaji anachota, anamimina kwenye ungo, anatikisa, na wote wawili wananyamaza. Hata kama mlikuwa mnagombana, mnanyamaza. Ungo ukishatulia ndipo bei inaanza, na hapo kila mtu anarudi kwenye uongo wake. Anayeongea wakati ungo unatikiswa tunamwona hana malezi, kama mtu anayeongea wakati wa dua. Bibi Nyamizi alikuwa anainua kidole kimoja, hivi, na soko lote la upande wetu linatulia.

Alipozeeka akanipa ungo wake. Ukingo wake nimeushona mara nyingi kwa kamba za kila aina, kitako nimekibadilisha kwa fundi, na bado nauita ungo wa Bibi Nyamizi. Nuru aliniuliza kilichobaki cha Bibi Nyamizi ni kipi. Nikamwambia ni sauti.

Sasa Sudi. Kila kazi ina Sudi wake. Ilikuwa mwaka ule mpunga ulipojaa mpaka watu wakala wali asubuhi, mchana na jioni, na mbwa wa mtaani wakauchoka. Sudi alikuwa na lori. Alipita vijiji vya njia ya Sikonge akikusanya matobolwa kwa magunia, na alikuwa na haraka, hakusikiliza gunia hata moja. Alipofika sokoni na mzigo, mnunuzi wa kwanza akaomba ungo, ungo ukasema pu. Wa pili, pu. Wa tatu akaondoka kabla hajatikisiwa.

Sudi akaja kwangu. Nilikuwa nauzia juani, na nilikuwa na mimba ya binti yangu, mama yake Nuru. Sudi alikuwa na kibanda chenye paa, kile cha kona, chenye kivuli mpaka saa kumi.

"Dada yangu Zena," akasema, sauti laini kama mafuta ya nazi. "Wewe ungo wako unajulikana. Njoo usimame hapa kwenye magunia yangu. Tikisa ya kwako watu wasikie, mimi nipime ya kwangu. Kibanda nakuachia."

"Unaniachia leo?"

"Nakuachia moja kwa moja. Ukae kivulini na huyo mtoto wako."

Nilikitaka kile kibanda. Sisemi uongo, nilikitaka mpaka shingo iliniuma kwa kukiangalia. Nikamwambia, "Sitikisi ungo mkavu kuuza gunia bichi."

Akacheka. "Zena, wewe unauza viazi au unatoa fatwa?"

"Viazi. Fatwa kaitafute msikitini, na uende na magunia yako."

Watu walicheka, Sudi naye akacheka, kisha akamtafuta mwingine wa kumtikisia. Akampata. Yule mama akakaa kwenye kibanda cha kona na mimi nikaendelea kuuzia juani miaka mingi. Nyinyi msidhani kwamba ukisema neno zuri mbingu zinafunguka. Jua lilibaki pale pale.

Miaka ikapita. Nimewauzia wasafiri wa treni wanaonunua kupitia dirishani, na huko hakuna muda wa adabu: unatikisa ungo ukikimbia. Nimewauzia wanafunzi wa seminari ya Kipalapala waliosema wanapeleka nyumbani na yakaisha kabla hawajavuka geti. Halafu ikaja miaka ya chipsi. Kijana wa siku hizi anataka kiazi kinachoogelea. Ukimpa tobolwa anauliza, "Bibi, hili linaliwa au linachezewa?" Wateja wangu wakawa wazee wenye hamu na wasio na meno. Hiyo ni biashara ngumu.

Nuru akarudi wakati huo huo. Alikuwa Dar, anauza simu kwenye duka la watu, duka likafungwa. Akashuka kwenye basi na sanduku moja, na mwanawe Salma mgongoni. Nuru nimemlea mimi. Ana cheti cha biashara, nimekiweka kwenye fremu, mgeni akiingia kwangu lazima akisome kabla ya kukaa. Akafungua mlango wa uani, akauangalia ua wangu kama mtu anayekagua kiwanja, akasema, "Bibi, mpaka Ramadhani. Nikipata wateja wa nje ya Tabora kufikia Ramadhani, nabaki na kazi yako. Nisipopata narudi Dar na Salma wangu."

Sanduku hakulifungua. Alilisimamisha nyuma ya mlango, akawa anatoa nguo moja moja. Kila asubuhi nikifagia nalisogeza, nikimaliza nalirudisha, na moyo wangu wenyewe unalisogeza mpaka stendi.

Siku moja tunamenya, akaniambia, "Bibi, kuna njia mbili za kuwapata watu. Moja tunaandika, inaitwa blogu. Nyingine tunasema, inaitwa podikasti. Zote siziwezi. Simu ni moja, na mikono yangu iko kwenye viazi."

Mimi kitu nisichokijua kinaniwasha kama upupu. Nikamuuliza, "Hiyo ya kuandika, anasoma nani?"

"Anayetafuta kitu. Anaandika 'matobolwa' kwenye simu, anatukuta."

"Na hiyo ya kusema?"

"Anasikiliza anayefua. Anayeendesha gari. Anayepika."

"Kwa hiyo mmoja macho yake hayana kazi, na mwingine masikio yake hayana kazi."

Nuru akaacha kumenya. "Bibi, tulifundishwa hivyo hivyo muhula mzima, ila kwa maneno mengi zaidi."

"Na hayo maneno yanakaa wapi kabla mtu hajayasikiliza?"

"Kwenye mtandao."

"Mtandao uko wapi?"

"Kwenye makompyuta makubwa, nchi za mbali huko."

"Yanapangishwa?"

"Yanapangishwa, Bibi."

Nikaridhika. Kitu kinachopangishwa nakielewa.

Tukaanza na blogu. Mimi nilisema tuanze na hiyo, na niliisema kwa nguvu, kwamba maandishi yana heshima na sauti ni ya wapiga debe. Nuru akaandika. Huyu mtoto anaandika! Aliandika habari ya misafara na wapagazi na njia ya kwenda pwani, akanisomea, nikatamani kuwa mpagazi. Akapiga picha za matobolwa juu ya kitambaa cheupe. Kila asubuhi namuuliza, "Wamekuja?"

"Wamekuja, Bibi. Wameangalia, wameondoka."

"Kama sokoni basi."

Shida ilikuwa picha. Tobolwa ni tamu, ila Mungu hakulipa sura. Mtu mmoja aliandika chini ya picha, "Hizi ni soli za viatu?" Mwingine alidhani ni sabuni ya magadi. Msomi fulani aliandika kirefu kuuliza wazazi wangu walikuwa kabila gani. Mama mmoja wa Morogoro aliuliza namna ya kupika na karanga, Nuru akamjibu vizuri, akashukuru vizuri, akaenda kupikia viazi vya Morogoro. Kununua, hakununua mtu. Kiangazi kinakwisha na sanduku liko nyuma ya mlango.

"Bibi," Nuru akasema, "tujaribu kusema."

Tukaingia ghalani kwa sababu kuku hawafiki. Nuru akaniwekea simu juu ya gunia, akaibonyeza, akaniashiria nianze.

"Hodi," nikasema. Nikanyamaza.

Nuru akanipungia mkono. Akanong'ona, "Endelea, Bibi."

"Hajaitikia."

"Nani?"

"Huyo ninayeongea naye. Huwezi kuingia kwa watu ukaanza kueleza viazi hujakaribishwa."

Nuru alicheka mpaka akakaa chini. Akajaribu kunieleza kwamba msikilizaji hayupo sasa, atakuja baadaye, labda kesho, labda mwakani. Nikamwambia basi nitamngoja. Nilikuwa sifanyi mzaha, mdomo wangu ulikataa kabisa. Miaka yote nimesema na mtu ninayemwona meno. Mwishoni Nuru akainama kwenye simu akasema mwenyewe, "Karibu, Bibi Zena, karibu ndani." Hapo maneno yakatoka. Na mpaka leo vipindi vyetu vinaanza hivyo: mimi napiga hodi, Nuru ananikaribisha. Watu wanadhani tumebuni. Hatukubuni, nilikuwa nimekwama.

Nikaeleza mambo ya moto, kisu na uchanja. Kisha nikachukua ungo. Nikainua kidole, Nuru akanyamaza, nikatikisa. Ka-ka-ka-ka. Ulikuwa mzigo wa mwezi wa saba, jua la mwezi wa saba halina mpinzani. Nuru baadaye alitaka kukata ule ukimya kabla ya ungo, alisema watu watadhani simu imeharibika. Nikamwambia kata vyote ukitaka, hapo usikate.

Hapa nakiri Nuru alikuwa sahihi na mimi na heshima yangu ya maandishi tulikosea. Simu zikaanza. Dereva wa malori alipiga akiwa njiani, anasema amerudia ule ungo mpaka utingo wake akamwomba aache. Mzee mmoja wa Kigoma alipiga kuuliza kama mwenye sauti ana mume. Nuru akamjibu, "Ana ungo." Watu wakaanza kuagiza, mfuko hapa, mfuko pale, tunatuma kwa basi. Wengine wakitaka kujua namna ya kupika, Nuru anawaelekeza kwenye ile blogu. Basi soli za viatu nazo zikapata wasomaji.

Kipindi kingine nilisimulia habari ya Sudi na kibanda cha kona. Jina la ukoo sikulitaja, nisije nikaitwa kwa balozi wa nyumba kumi.

Aliyetugeuzia maisha ni Mama Shani, mwenye duka kubwa la vyakula huko Dar. Alipiga mwenyewe. Alisema mama yake alikuwa mtu wa Nzega, na aliposikia ungo akaacha kuhesabu bidhaa akakaa chini. "Nataka magunia, mdogo wangu," akamwambia Nuru. "Ramadhani, kwa futari. Nikiridhika nachukua kila mwaka." Nuru akakata simu, akamnyanyua Salma akacheza naye uani mpaka viazi vikaungua. Nikaepua vilivyobaki. Jioni ile nilimwona anatoa kwenye sanduku nguo nyingi kwa mpigo.

Mimi nilibaki na jambo langu moja la kushangaa. Sauti niliyoizoea ukishaitoa imekwisha. Ungo ukitulia, umetulia. Hii ya simu haitulii. Mwezi wa kumi na moja mvua inapiga paa, hewa imelowa, na simuni ungo wangu bado unalia kiangazi. Nilikuwa naomba Nuru aniwekee nisikilize mvua na ungo kwa pamoja. Nikawa najiuliza, huyu anayesikiliza leo anajuaje kwamba ni leo? Mkinisikia siku hizi nasema, "Hodi, huu ni mwezi wa sita," mjue ndiyo sababu.

Masika yakaja ya ubavuni. Upepo uliisukuma mvua chini ya mlango wa ghala, na hewa yenyewe ilikuwa kama pumzi ya ng'ombe. Tulipofungua magunia ya Mama Shani kuyakagua, Nuru akachota, akamimina, akatikisa.

Pu. Pu. Pu.

Akachota kutoka gunia la pili. Sikuhitaji kuangalia, na yeye hakuhitaji kuniambia. Yaliyoota ukungu tukayatupa. Yaliyobaki hayakuwa mabaya, ukiyapika nyumbani leo utashiba na utashukuru, lakini hayakuwa yale aliyoyasikia Mama Shani. Tukayatandaza ndani, tukawasha majiko ya mkaa, tukapepea mpaka mikono ikafa. Jua halikutoka. Ramadhani ilikuwa inaonekana kwa macho.

Simu ikalia asubuhi, tuko wote ghalani. Nuru akaweka sauti ya juu nami nisikie.

"Nuru, mdogo wangu, mzigo unapanda basi lini? Halafu nitumie sauti mpya ya ungo, naipiga dukani kwenye spika. Watu watauana hapa."

"Dada, kuna jambo," Nuru akasema. "Mzigo umepata unyevu. Tumejitahidi, haujarudi vile."

"Umeoza?"

"Haujaoza. Ila si mkavu."

"Ah, umenitisha bure! Huku wanaloweka, watapika, nani atatafuna? Tuma hivyo hivyo. Na sauti niwekee ile ile ya zamani. Ile ya Bibi."

Nuru akautazama ungo uliokuwa miguuni pake.

"Nuru? Unanisikia? Ni sauti tu, mama. Nani atajua? Sitaki kwenda kwa mwingine. Nimeshawaambia wateja."

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kinu. Salma amelala mapajani kwangu, kinywa wazi, jasho la mtoto linanilowesha kanga. Kupitia mlangoni naliona sanduku. Nikamfikiria Nuru kwenye basi la Dar, na huyu mdogo akiuliza yuko wapi bibi, halafu siku moja asiulize tena. Nikajiambia ni ungo wangu, nilitikisa kwa mikono yangu, sauti ni yangu, nani ananizuia kumpa? Nikafungua mdomo niseme, mpe, mwanangu, mpe yaishe.

Nuru akainua kidole kimoja. Hivi, kama Bibi Nyamizi ambaye hakuwahi kumwona.

Nikanyamaza.

Akauvuta ungo, akachota kutoka gunia lililokuwa mbele yake, akasogeza simu karibu, akatikisa. Pu, pu, pu. Aliutikisa sana, bila aibu, mpaka Salma akageuka usingizini.

"Umesikia, dada? Hii ndiyo ya leo."

"Nimesikia," Mama Shani akasema. "Ndiyo maana nakuomba ile nyingine. Usinifanye nirudie kusema. Unaniwekea au huniwekei?"

Mjukuu wangu hakunitazama mimi, wala sanduku. Aliutua ungo chini taratibu, akajifuta mikono kwenye kanga, akasema:

"Sitikisi ungo mkavu kuuza gunia bichi."